Kuchagua Njia ya Kuunganisha Msimbo

Ubora wa mradi wa programu wenye wachangiaji wengi huonekana pia katika historia yake, na historia hiyo hutegemea namna michango inavyounganishwa na tawi kuu. Katika Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, kila badiliko huhifadhiwa kama komiti: ina utambulisho wake, na inaijua komiti iliyoitangulia. Msimamizi anayepokea mchango ana njia tatu. Anaweza kuuingiza kwa komiti ya muungano yenye wazazi wawili, kubana komiti zake zote ziwe moja, au kuzipandikiza upya moja moja juu ya tawi kuu.

Mjuzi huanza kwa kuzisoma komiti zenyewe. Mchango wenye komiti saba zilizoandikwa "rekebisha", "rekebisha tena", "jaribio", "sasa inafanya kazi" haustahili kuhifadhiwa jinsi ulivyo. Ubanwe, na maelezo yaandikwe upya yakitaja sababu ya badiliko. Lakini kuna mchango ambao komiti ya kwanza inahamisha faili, ya pili inabadilisha jina la fanksheni, na ya tatu ndiyo inayoongeza uwezo mpya. Kuubana huo ni kuuharibu. Atakayeusoma baadaye atakuta mamia ya mistari yamebadilika kwa pamoja, na ile michache yenye uzito imepotelea humo.

Kipimo kisichodanganya ni siku ya kusaka hitilafu. Amri ya git bisect huigawa historia nusu kwa nusu, hata kati ya komiti 1,000 majaribio kama 10 yakatosha kuifikia ile iliyoleta kasoro. Faida hiyo hupatikana pale tu kila komiti inapoweza kujengwa na kuendeshwa peke yake. Iliyovunjika njiani hulazimu kurukwa; na msako ukiishia kwenye komiti iliyobanwa yenye faili arobaini, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kupandikiza upya huacha mstari ulionyooka, unaosomeka kwa raha. Hata hivyo komiti hupata utambulisho mpya, na zile za katikati huenda hazijawahi kujaribiwa juu ya msingi huo mpya. Tawi ambalo wengine wameshaanza kulifanyia kazi lisipandikizwe bila wao kukubali.

Komiti ya muungano haigusi kilichokuwepo, ndiyo maana inafaa kazi ndefu ya watu kadhaa: git log --first-parent huonyesha mchango mmoja mmoja kwa ujumla, undani ukabaki kwa anayeuhitaji. Ugumu wake huja wakati wa kutengua. Muungano ukishatenguliwa, kisha tawi lilelile likaunganishwa tena, Git huhesabu komiti za awali kuwa zimekwisha kuingia na haizirudishi. Sharti utenguzi wenyewe utenguliwe kwanza.