Dhahabu ya Mdachi: Neno juu ya Picha ya Sinema "Lust for Gold"

Picha hii ilitolewa Marekani mwaka 1949 na kampuni ya Columbia, chini ya mkono wa S. Sylvan Simon. Ni nyeusi na nyeupe, yachukua saa moja na nusu, nayo si miongoni mwa picha kubwa za siku zile. Mwaka uliotangulia John Huston alikuwa amekwisha kutoa The Treasure of the Sierra Madre, iliyopata sifa na tuzo nyingi. Na tangu hapo kila picha ya watu wauanao jangwani kwa ajili ya dhahabu hupimwa kwa ile, ikaonekana maskini. Hii nayo yaonekana maskini. Ni hadithi mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba moja, na kamba yenyewe hulegea mara kwa mara. Hata hivyo twaona inafaa kuandikiwa hapa, kwa kuwa ukiondoa kofia na bastola, yabaki habari ambayo mwalimu wa Tabora au wa Sikonge amekwisha kuisikia barazani.

Habari ni hii. Katika milima ya Superstition, nchi ya Arizona, dhahabu ya mtu aitwaye Peralta ilifichwa zamani, na wenye kuificha waliuawa na Waapache. Miaka mingi baadaye Jacob Walz na mwenziwe Wiser wawafuata kwa siri watu waendao kuitafuta. Wakiisha kuonyeshwa mahali, wawaua waliowatangulia. Kisha Walz amwua Wiser naye. Aja mjini Phoenix na dhahabu yake, alewa, na mji mzima wamfuata nyuma. Mwanamke mmoja mwenye duka la mikate, Julia Thomas, ajifanya kumpenda, akimficha kwamba ana mume. Walz akiisha kujua, awaita mke na mume mpaka machimboni, awazuia pale kwa bunduki, bila maji, chini ya jua. Mke amchoma mumewe kisu ili apate kusamehewa. Ndipo nchi yatetemeka, mawe yaanguka, wote wazikwa. Hadithi ya pili, ya mjukuu atafutaye machimbo yale katika siku zetu, imeizunguka ya kwanza kama ua. Hatutasema mengi juu yake, maana haina uzito.

Kwa Kiingereza Walz yule huitwa "Dutchman". Msomaji asidhani kwamba ni mtu wa Uholanzi. Wamarekani wa zamani walilisikia neno "Deutsch", yaani Kijerumani, wakalitamka kwa namna yao; na Jacob Waltz wa kweli (ndivyo jina lake liandikwavyo hasa) alizaliwa Ujerumani. Sasa tazama Kiswahili: wazee wetu nao walilisikia neno lile lile, wakasema Mdachi na Wadachi. Hemedi bin Abdallah, alipotunga utenzi wake juu ya vita vya pwani, aliwaita hivyo. Basi watu wa Arizona na watu wa Mrima, pasipo kujuana, walimpa mgeni mmoja jina moja. Kisha, na hili ndilo la ajabu, wakamzulia hadithi moja: kwamba Mdachi alikufa au alikimbia, akaacha dhahabu ardhini.

Kwetu hadithi hii ina mzizi wa kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari na kupungukiwa fedha, walipiga sarafu Tabora mwaka 1916. Ziko za shaba, na iko ya dhahabu ya rupia 15, yenye sura ya tembo ainuaye mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke katika nchi ya Iramba, yaliyogunduliwa mwaka 1909. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora, na Jenerali Wahle alikuwa amekwisha kuwaongoza watu wake kuelekea Iringa. Tangu siku hiyo hadithi zimekuwa zikizika mali katika njia za kusini, chini ya mibuyu na misingi ya boma na sakafu za makanisa.

Na tuhesabu. Sarafu za dhahabu za Tabora zilizidi kidogo 16,000, na kila moja ina uzito wa gramu 7 na kitu. Zote pamoja hazifikii kilo 120. Mpagazi wa Kinyamwezi wa zamani za misafara alichukua kilo 30 hivi, mbali na chakula chake na chungu chake. Kwa hiyo dhahabu yote iliyopigwa Tabora ni mizigo ya wapagazi wanne! Tena sarafu zile zilipigwa ili zitumike, nazo zilitumika. Nyingi sana zimo leo mikononi mwa wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani, na hununuliwa kwa mnada. Mali ya kujaza pango haikuwapo kamwe. Mashimo yaliyochimbwa kuitafuta hakuna ayajuaye idadi yake, na baadhi yao yamechimbwa makaburini. Wako pia wauzao ramani na rupia za bandia kwa watu waliokwisha kuuza ng'ombe ili wazinunue.

Kwa ajili ya watu hao picha hii ina faida, na faida yake haimo katika maneno ya wachezaji bali katika jambo moja ambalo mtungaji hakulitilia mkazo. Katika picha nzima hatumwoni mtu hata mmoja akinufaika na dhahabu. Hakuna nyumba iliyojengwa kwayo, wala mke aliyeolewa, wala mtoto aliyesomeshwa. Hununua pombe tu, na macho ya watu. Tulipoitazama mara ya pili tulianza kutafuta kwa makusudi kitu kimoja chema kilichonunuliwa, tusikione.

Jina la picha ni gumu kulifasiri, na wenye kuzitia picha za kigeni maneno ya Kiswahili hukimbilia upesi "Tamaa ya Dhahabu". Hatulipendi. Tamaa kwa Kiswahili si uovu tupu. Aliyekata tamaa ni mtu aliyepotewa na tumaini, na hakuna ampongezaye. Neno moja labeba njaa na tumaini pamoja. Tukilichukua hivyo, latufaa kwa Julia peke yake: mwanamke aliyefungwa na mume asiyefaa kitu, aonaye mlango mmoja tu wa kutokea. Ida Lupino, amchezaye, ameyafahamu mambo hayo mawili. Usoni pake tumaini na hila havitengani, na mchezo wake ndio uitiao picha uhai. Wiser ana pupa, ambayo ni tamaa iliyo mbioni. Lakini Walz, achezwaye na Glenn Ford, hana tamaa tena baada ya nusu ya kwanza, kwa kuwa amekwisha kupata. Alicho nacho ni choyo. Hawezi kuitumia dhahabu, hawezi kuiacha, hawezi kuvumilia mwingine aijue. Kiingereza chaita hayo yote kwa neno moja la ashiki. Kiswahili chatupa matatu, na kwa matatu hayo picha yaeleweka vema kuliko kwa jina lake yenyewe.

Jambo la viongozi waliouawa latukumbusha desturi ya warina asali, na Sikonge ni nchi ya asali. Yuko ndege mdogo alindaye mzinga wa porini kwa macho, akamwita mtu kwa sauti na kuruka mbele yake mti kwa mti. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mrinaji akiisha kutoa asali humwachia ndege sega lake. Asipomwachia, husemwa, siku nyingine ndege atamwongoza kwa chui au kwa nyoka. Wataalamu wa ndege watacheka habari ya chui. Sisi twasema kwamba desturi hii imeweka sheria ya mali iliyofichwa: aliyekuonyesha ana fungu. Walz alionyeshwa, naye fungu alilotoa ni risasi.

Sheria kama hiyo ilikuwako katika pembe za ndovu, ambamo mtemi alikuwa na haki yake kabla ya mwindaji kuuza. Hata leo, katika machimbo ya wachimbaji wadogo, duara halichimbwi bila mapatano: mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mawe, na ugomvi huanza mahali mgao ulipovunjwa. Tusiifanye nchi yetu kuwa pepo. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyozidi tangu mwaka 2007 katika mikoa ya Ziwa na kufika hata mkoa wa Tabora, yalihusishwa na waganga walioahidi utajiri, na wachimbaji walikuwa miongoni mwa waliotajwa; serikali ikapiga marufuku waganga wa namna hiyo mwaka 2015. Mtu atakayeitazama picha hii akasema, "Hayo ni ya Wazungu," na aambiwe hayo.

Kosa kubwa la picha ni jingine, na hapa hatuna huruma. Yajidai kusimulia mambo ya kweli, nayo imemsingizia marehemu. Julia Thomas alikuwako. Alikuwa na duka lake Phoenix. Waltz wa kweli alipokuwa mzee mgonjwa, mama huyo alimpokea nyumbani kwake akamwuguza, na huko alifariki tarehe 25 Oktoba 1891. Mwaka uliofuata alikwenda milimani kuyatafuta machimbo, asipate kitu. Ikiwa alikuwa na tamaa, na awe nayo. Mtu aliyemlisha mzee asiye na jamaa hakustahili kuonyeshwa ulimwengu mzima akimchoma mumewe kisu. Kwa desturi zetu muuguzaji wa mgonjwa hupewa heshima matangani. Hollywood ilimpa jina la muuaji, tena ikaliacha jina lake vile vile, bila kulibadili hata herufi moja.

Waapache nao hawana neno katika picha. Milima ile ni mahali patakatifu kwao, lakini hapa ni mishale tu itokayo nyuma ya mawe. Habari ya mahali patakatifu pavunjwapo na wachimbaji ingalimgusa mtazamaji wa kwetu kuliko bastola zote, na mtungaji aliipita bila kugeuza shingo.

Mwalimu atakayeionyesha shuleni, shauri letu ni aeleze habari ya Julia wa kweli kabla ya kuwasha mashine, si baada yake, maana baada yake hakuna atakayesikiliza. Kipande cha kisu kisionyeshwe kwa watoto wadogo. Kwa jina twapendekeza "Dhahabu ya Mdachi". Vijana hawatalijua neno. Watawauliza wazee, na wazee wa njia ya Sikonge watakuwa na mengi ya kuwajibu.