Daraja la Reli la Tsavo: Nguzo Katika Mto wa Mafuriko

Daraja la reli la Mto Tsavo, nchini Kenya, lilijengwa kati ya Machi 1898 na Februari 1899, likisimamiwa na J. H. Patterson, mhandisi wa Reli ya Uganda. Simba wawili waliokuwa wakila vibarua ndio waliolipa umaarufu. Ujenzi wenyewe, unaostahili kuchunguzwa zaidi, husahaulika. Reli ilikuwa imekwisha kuvuka kwa daraja la muda na kuendelea bara. Lililobaki lilikuwa daraja la kudumu.

Tsavo ni mto wa aina inayojulikana vyema mjini Uvira, mashariki mwa Kongo. Huko Mto Mulongwe, unaoporomoka kutoka milima ya Mitumba hadi Ziwa Tanganyika, huwa mpole kiangazi, lakini Aprili 2020 ulifurika ukabeba nyumba na watu. Katika mto wa namna hiyo usalama wote wa daraja uko kwenye msingi. Maji ya kasi huchimbua mchanga kando ya nguzo, na nguzo isiyofika kwenye mwamba huweza kuinama hata kama mawe yake ni mazima. Kwa hiyo mashimo ya Tsavo yalichimbwa hadi mwambani. Shimo moja lilizidi kuzama mchangani, karibu watu wakate tamaa, ndipo mwamba ukaonekana.

Mawe ya kujengea yalipatikana korongoni, yakaletwa kwa toroli juu ya reli ndogo iliyovuka mto huohuo mara mbili. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, kibarua 12. Si ajabu wengi wasiojua kuchonga jiwe walijiandikisha kuwa waashi. Kreni haikuwapo. Vipande viwili vya reli vilifungwa pamoja kwa juu, miguu ikatanuliwa, kapi ikaning'inizwa, na mawe yakapandishwa.

Mihimili ya chuma ilikuwa na urefu wa futi 60, yaani kama mita 18. Kati ya nguzo na nguzo zilisimamishwa nguzo za muda, zikalazwa boriti, na reli juu ya boriti. Mhimili ulisukumwa juu ya reli hizo hadi mahali pake, ukainuliwa kwa jeki, njia ya muda ikabomolewa chini yake, kisha ukateremshwa polepole hadi ukakaa juu ya mawe.

Kazi ilipokwisha tu, mvua kubwa ikanyesha. Mto uling'oa vidaraja vyote viwili vya toroli, na mabaki yake yakaja kwa kishindo kugonga nguzo mpya. Nguzo zilistahimili, na mabaki yakapita katikati yake.