Klabu Isiyo na Meneja

Ukihesabu kurasa ambazo klabu ya Muthaiga imepewa katika vitabu vya Kiingereza kuhusu Kenya, utadhani ni wilaya nzima. Ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1913, na tangu siku hiyo waandishi hawajaipa nafasi ya kupumua. Watu wanaingia, wanakunywa, wanacheza dansi, wanapokonyana wake na waume, kisha kunapambazuka. Msomaji anafunga kitabu akijua nani alilala na nani, lakini hajui nani alilipa, nani aliandika deni, wala nani aliamua kwamba fulani aingie na fulani abaki nje ya lango.

Mimi naona hilo si pengo dogo. Klabu ya gofu ni kitu cha kuendeshwa kabla hakijawa cha kustarehea, na mwandishi asiyejua inavyoendeshwa ataishia kutuonyesha mapazia tu.

Tuanze na White Mischief ya James Fox, iliyotoka 1982. Usiku wa Januari 23, 1941, Josslyn Hay, Earl wa Erroll, alikula chakula cha jioni Muthaiga pamoja na mpenzi wake Diana na mumewe Diana, Jock Delves Broughton. Kabla ya jua kuchomoza Erroll alikuwa amekutwa maiti ndani ya gari lake, amepigwa risasi. Broughton akashtakiwa, akaachiliwa. Fox ni mwanahabari hodari na anaufuata uvumi ule kama mtu anayefuata nzi hadi kwenye kidonda. Lakini klabu yake ni jukwaa tu. Viti vimejipanga vyenyewe, glasi zimejiosha. Wakati huo dunia iko vitani, na hatuambiwi meneja alikuwa anaipata wapi nyama ya kuwalisha watu hao wote.

Filamu ya Out of Africa (1985) ni mbaya zaidi kwa sababu inajua inachofanya. Karen anaingia baa ya wanaume, anaombwa atoke. Karibu na mwisho, wanaume walewale wanamwalika anywe nao. Ni tukio zuri, sikatai, na nimeliona likimtoa mtu mzima machozi. Lakini angalia: suala zima la nani ana haki ya kuwa ndani ya klabu limekwisha mara tu mwanamke mmoja Mzungu aliposhika glasi. Aliyeimimina glasi hiyo hana neno hata moja.

Kitabu chenyewe cha Karen Blixen kilichapishwa 1937. Mwaka huohuo Karen Country Club ilianzishwa, kwenye ardhi iliyokuwa sehemu ya shamba lake la kahawa. Shamba moja, mazao mawili: kitabu na klabu. Wahakiki tumekisoma kitabu hadi karatasi zikachakaa. Klabu nayo ina maandishi yake, na hakuna anayeyasoma kama maandishi.

Ngoja niyasome kidogo. Niliwahi kufanya kazi miezi kadhaa katika ofisi ya hesabu ya klabu moja ya gofu, ambayo jina lake halitatusaidia hapa. Kitabu chake cha kanuni kilikuwa kimeandikwa kwa sauti moja ya ajabu: hakuna mtu anayekataza. Mambo yanakatazwa tu. Shati lisilo na kola halikubaliki. Simu haitumiki sehemu fulani. Madereva na yaya hawapaswi kupita hapa. Hapaswi kwa mujibu wa nani? Sentensi haina mtenda. Mwenye kukataza amejificha nyuma ya sarufi, na askari wa langoni ndiye anayelazimika kumpa sauti.

Ukitaka kujiunga, lazima upate mwanachama wa kukupendekeza na mwingine wa kukuunga mkono. Jina lako na picha yako vinabandikwa ubaoni kwa muda ili wanachama wakutazame, na mwenye neno aliseme kwa kamati, si kwako. Zamani katika klabu za Kiingereza kura ilikuwa ya gololi: nyeupe ya ndiyo, nyeusi ya hapana, na gololi haina mwandiko. Ukikataliwa hupewi sababu. Ukikubaliwa unalipa ada ya kuingia, kisha ada ya kila mwaka, na baa na jikoni unatia sahihi tu. Usipolipa, jina lako linarudi kwenye ubao uleule, safari hii kwenye orodha ya wadeni. Yaani unaingia kwa ubao na kuaibishwa kwa ubao. Mtunzi gani alipewa bure chombo kama hicho akakiacha?

Halafu kuna meneja. Huyu ni mtu wa kutungiwa riwaya. Ana wapishi, weita, askari, mafundi wa mashine za kukata nyasi, na wote wanamwita bosi. Lakini kila mwenye kadi ya uanachama ni bosi wake yeye. Kamati hubadilika kwa uchaguzi. Kamati ya mwaka huu inataka miti ipandwe, ya mwaka ujao inataka ikatwe kwa sababu mwenyekiti mpya mpira wake hupotelea hapo. Kiangazi kikiuma, wanachama wanataka uwanja uwe kijani kibichi, na watu wa kijiji cha chini wanataka kujua maji ya mto yameenda wapi. Meneja anajibu barua zote mbili. Anazijibu kwa ile lugha isiyo na mtenda.

Na neno analolipenda zaidi ni “jamii”. Jamii yetu ya klabu, familia yetu. Kwenye hesabu tulizokuwa tunaandika, jamii hiyo ilikuwa na safu mbili: wanachama, ambao ni mapato, na wafanyakazi, ambao ni matumizi. Makedi, wale wabeba mifuko ya vijiti, hawakuwa kwenye safu yoyote. Kwa kawaida kedi si mwajiriwa wa klabu. Analipwa na mchezaji baada ya raundi. Mvua ikinyesha, hakuna raundi. Machi 2020, korona ilipofunga viwanja, hakukuwa na wa kusimamishwa kazi kwa sababu kwenye karatasi hakukuwa na kazi. Kedi anajua mchezo wa mwanachama kuliko mkewe anavyoujua, anajua anavyodanganya hesabu ya mapigo, anajua dili gani ilizungumzwa shimo la saba. Jamii inayomtegemea mtu kiasi hicho bila kumwandika popote ndiyo niliyotamani kuisoma kitabuni.

Nimeikuta mara moja tu ikikaribia, nako ni mbali na hapa. George Orwell alikuwa polisi wa Uingereza huko Burma kuanzia 1922 hadi 1927, na riwaya yake Burmese Days (1934) yote imetundikwa kwenye msumari mmoja wa uendeshaji: agizo limekuja kwamba klabu zisizo na mwanachama hata mmoja mwenyeji zimchague mmoja. Basi. Kutoka hapo wanatoka wivu, barua zisizo na jina, ghasia, kifo. Bwana Macgregor, mkubwa wa serikali na katibu wa klabu, anabandika tangazo ubaoni, na Ellis analipuka akilisoma. Ukurasa haujapita mbali Ellis anamgeukia mhudumu kuhusu barafu, na anachokasirikia si barafu bali Kiingereza cha yule mhudumu, kwamba ni kizuri mno. Orwell alielewa kwamba himaya inaonekana vizuri zaidi pale inapopungukiwa barafu. Ila naye hakumfuata yule mhudumu hadi jikoni.

Kwetu, aliyeikaribia ni Ngũgĩ wa Thiong’o, tena mahali ambapo wengi hawatazami. Watu hukimbilia Ngaahika Ndeenda, ile tamthilia aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuchezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, na ni kweli mle ndani kuna hati ya shamba la ekari moja na nusu ambayo tajiri anaimezea mate. Limuru hiyohiyo ina klabu yake ya gofu, kwa hiyo watazamaji hawakuhitaji kuelezwa ardhi kubwa ya starehe hufananaje. Lakini matajiri wa tamthilia ile tunawaona wanapotoka kwenda kuumiza watu. Wakiwa peke yao tunawaona kidogo mno.

Ni katika Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Shetani Msalabani, ndipo anawafungia pamoja. Lile pango la wezi wanaoshindania taji, wenzangu, ni mkutano mkuu wa mwaka. Kuna mwenyekiti wa shughuli, kuna masharti ya kuingia, kuna mabishano kuhusu taratibu. Anasimama Ndaaya wa Kahuria, mwizi wa kuku anayeiba kwa sababu ya njaa, na wanamtupa nje: anawaaibisha. Hapo Ngũgĩ alishika kiini cha klabu. Hawamfukuzi kwa kuwa ni mwizi. Wanamfukuza kwa kuwa hajafikia kiwango. Kinachonisumbua ni kwamba dhihaka inafanya kila mmoja pale pangoni ajieleze mwenyewe kwa mdomo mpana. Watu wa klabu ninaowajua mimi hawajielezi. Wanatia sahihi.

Riwaya ya Kiswahili ina mfano mwingine, si wa klabu, lakini wa nyumba kubwa na wanaoiendesha. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) alimweka Kijakazi ndani ya kasri, akamfanya aipende, asiweze kujiwazia nje yake. Msomaji anamkasirikia Kijakazi, halafu anakasirikia kilichomfanya awe vile. Meja Mwangi, katika Going Down River Road (1976), aliwafuata wajenzi wa jumba la ghorofa ambalo hawana haja nalo wala halina haja nao likishasimama. Ukiwaunganisha wawili hawa unapata nusu ya kile ninachokiomba: mapenzi ya mtumishi kwa nyumba, na hasira ya kibarua kwa jengo. Nusu iliyobaki ni karatasi.

Kuna watakaoniambia kwamba mambo haya yamekwisha kusemwa kwa picha. Johnny Miller alirusha droni juu ya Nairobi kwa ajili ya mfululizo wake wa Unequal Scenes, na picha ya uwanja wa Royal Nairobi, klabu ya mwaka 1906, ukipakana na mabati ya Kibera ilizunguka simu za watu wengi. Ni picha yenye nguvu. Lakini droni inaona ua tu, haioni saa. Ukiwa juu kiasi kile huwezi kuona kwamba asubuhi na mapema mpaka ule unavukwa na watu wa mabati wakielekea kwenye nyasi kukata, kumwagilia, kubeba mifuko, na jioni wanarudi. Picha inasema pande mbili hazikutani. Zinakutana kila siku. Shida iko kwenye masharti ya kukutana.

Na hizo nyasi zenyewe, kwa kuwa tumezitaja. Aina inayoitwa kikuyu, iliyopewa jina la nyanda zetu za juu, imepandwa hadi viwanja vya California, na hukohuko Marekani imeorodheshwa kama gugu hatari. Haikuhitaji wa kuipendekeza.

Nasema haya sasa kwa sababu klabu imeanza kutoka klabuni. Vipingo kule Kilifi palikuwa mkonge. Migaa kule Kiambu palikuwa kahawa. Leo mashamba hayo yanauzwa kama mitaa ya nyumba iliyopangwa kuzunguka gofu, ambako kanuni hazikufuati baa tu bali hadi rangi ya paa lako na saa ya mgeni wako kuondoka. Ada ya mwezi inalipia barabara, taa, maji, askari: kazi ambazo kwingine tunaidai kaunti. Anayeziendesha anaitwa meneja, na hakuna kura ya wananchi inayomgusa. Mwandishi anayesubiri siasa itokee uchaguzi mkuu atakuwa amechelewa.

Narudi kwa Orwell, kwa jambo alilolipita haraka. Katika kurasa za mwisho hakimu mla rushwa U Po Kyin, aliyepanga fitina yote, anachaguliwa kuingia klabu. Na kumbe hana shida. Haji mara nyingi mno, ananunulia watu vinywaji, anakuwa mcheza karata hodari, Wazungu wanamzoea. Haya yote yanasemwa kwa mistari michache, kisha mtu anakufa na kitabu kinaendelea kufunga mahesabu. Kwa Orwell huo ulikuwa mwisho. Kwetu sisi kuna zaidi ya miaka sitini iliyofuata mistari ile: U Po Kyin akawa mwanachama, kisha akaingia kamati, kisha akawa mwenyekiti, na jina lake likaandikwa kwa dhahabu kwenye ule ubao mrefu wa mbao ukutani, chini ya majina ya Kiingereza, kwa mwandiko uleule. Asubuhi moja akamwita meneja amwulize kwa nini madereva wanaketi kivulini karibu na shimo la kwanza. Meneja akaenda kuandika tangazo.