Hakimu Mlangoni mwa Rozari

Rozari inayosaliwa msibani haisemi chochote kuhusu marehemu. Jina lake hutajwa kwenye nia, kabla sala haijaanza. Yanayofuata ni maneno yale yale yaliyosaliwa jana kwa jirani na yatakayosaliwa kesho kwa mwingine. Mpita njia akisikiliza nje ya turubai, iwe Igoma, Nyakato au Kirumba, hatajua kama aliyefariki ni mzee aliyeshiba siku au mtoto wa chekechea. Ukiipima kwa kipimo cha maombolezo ya kimila, ambayo humsifu marehemu na kusimulia alivyoishi, sala hii ni kavu. Hata hivyo Wakatoliki wa Mwanza hawaiachi: jumuiya ikipata msiba, jioni lazima rozari isikike. Ukavu huo unafarijije? Na ni kitu gani ambacho umbo hili, kwa jinsi lilivyojengwa, haliwezi kukisema?

Tuanze na mgawanyo wa sauti. Rozari moja ina makumi matano. Ukiongeza zile tatu za mwanzo, Salamu Maria zinafika 53, na kila moja imekatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni salamu, iliyoundwa kwa maneno ya malaika na ya Elizabeti katika Injili ya Luka. Hicho ni cha kiongozi. Cha pili ni ombi, lililopata umbo lake rasmi katika kitabu cha sala kilichotolewa na Papa Pius wa Tano mwaka 1568. Hicho ni cha wote. Mfiwa hatakiwi kuanzisha kitu. Hatungi, hachagui maneno, haelezi alivyoumia. Anapewa nusu, tena ile ya kuitikia, na sauti ikimkatikia njiani, waliomzunguka wataimaliza bila mtu kugeuka kumtazama. Ombi lenyewe liko katika nafsi ya wingi, kwa hiyo hakuna anayeachwa peke yake na kilio chake. Kwa Wasukuma mpangilio huu haukuwa mgeni. Vikundi vya wakulima wao vililima mashamba kwa nyimbo, mmoja akianzisha na wengine wakipokea huku majembe yakishuka kwa pamoja. Kazi nzito kuichukua kwa kupokezana sauti ni jambo ambalo kanda ya ziwa ililijua kabla ya mapadre wa kwanza kufika Kageye mwaka 1878.

Sasa tazama wakati. Salamu Maria inatambua nyakati mbili tu: sasa hivi, na saa ya kufa. Haina jana, wala haina kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Kwa mgonjwa aliyelazwa Bugando, hospitali ambayo Kanisa liliifungua juu ya kilima mwaka 1971, nyakati hizo mbili zinaweza kuwa zimekaribiana sana, na sala haimfichi. Inamtamkisha habari ya kifo mara 53 katika muda usiozidi nusu saa. Lakini angalia kifo kimewekwa wapi. Kimekaa mwishoni kabisa mwa kipande cha pili, karibu na Amina, na Amina ikishatoka kiongozi anaanza tena salamu. Karibu kila kinapotajwa, kinachofuata ni kusalimu. Hakuna mahubiri hapo na hakuna hoja. Ni mpangilio tu, unaorudiwa mpaka masikio yaanze kutarajia salamu baada ya kaburi. Nadhani sehemu kubwa ya faraja ya rozari imo katika mfuatano huo, kuliko katika maana ya sentensi yoyote iliyomo.

Umbo hili lina kalenda yake pia, inayopangia kila siku ya juma matendo matano ya kutafakari, na kalenda hiyo haiulizi watu wanajisikiaje. Meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa nayo mamia ya watu, wengi wao wakazikwa Igoma. Ilikuwa Jumanne, ndani ya mwezi wa Maria, na Jumanne ni siku ya Matendo ya Uchungu. Siku hiyo ratiba na msiba vilikutana. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa Alhamisi, siku ya Matendo ya Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliyaongeza mwaka 2002. Tendo la kwanza la Mwanga ni Yesu kubatizwa mtoni Yordani: mtu anashuka majini, kisha anatoka mzima. Kwa familia iliyokaa ufukweni ikingoja miili, tafakari hiyo ingeweza kuchoma kuliko kuponya. Kiongozi mwenye busara atahamia Matendo ya Uchungu bila kuomba radhi. Ila ni busara yake yeye. Ratiba yenyewe haijui habari za ziwa.

Hata hivyo, tukihamia kwenye Uchungu tunakutana na jambo zito zaidi. Orodhesha matendo hayo matano: Yesu anatoka jasho la damu, anapigwa mijeledi, anatiwa taji la miiba, anabeba msalaba, anakufa. Anapigwa na nani? Anatiwa taji na nani? Vitenzi vya kati ni vya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Orodha inaruka kutoka bustanini hadi kwenye mijeledi, na kikao cha hukumu kimeachwa nje. Pilato anatajwa mara moja tu, katika Kanuni ya Imani, ambayo husaliwa kwenye msalaba mdogo wa rozari kabla punje hazijaanza kuhesabiwa. Amesimamishwa mlangoni, halafu haonekani tena.

Ukimya huo una kazi yake. Usiku wa kwanza wa msiba si usiku wa kutafuta mkosaji. Mfiwa anayeanza kuuliza nani alisababisha anaweza asilale mpaka arobaini. Kwa kumwondoa mtenda, rozari inamruhusu mtu aumie kwanza. Lakini vifo vya majini vina watenda. MV Nyerere ilikuwa na kibali cha kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. MV Bukoba nayo ilikuwa imejaza kupita uwezo wake. Misiba ya namna hii ikisaliwa miaka nenda rudi kwa umbo lisilo na mtenda, ajali huanza kufanana na mvua: kitu kinachonyesha, si kitu kilichofanywa.

Ibada ya Kikatoliki haijakosa umbo lingine. Njia ya Msalaba, ambayo Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliiwekea vituo 14 mwaka 1731, haianzi na maumivu. Inaanza ofisini. Kituo cha kwanza ni hukumu, na ingawa kichwa chake nacho ni cha kutendwa, hukumu haiwezi kuwepo bila hakimu. Michoro ya ukutani humwonyesha Pilato akinawa mikono. Afisa aliyejua, aliyekuwa na mamlaka, akaacha jambo lipite: huo ndio mlango wa ibada nzima, na anayesali hawezi kuuruka.

Vituo vinavyofuata navyo vina ukweli mwingi kuliko inavyodhaniwa. Yesu anaanguka katika kituo cha tatu. Kisha wanakuja wasaidizi mfululizo: mama yake katika cha nne, Simoni wa Kirene katika cha tano, Veronika katika cha sita. Ungetegemea asimame imara. Kituo cha saba anaanguka tena. Cha nane anawafariji wanawake wa Yerusalemu, na cha tisa yuko chini kwa mara ya tatu. Kati ya anguko la kwanza na la pili kuna vituo vitatu; kati ya la pili na la tatu kimebaki kimoja. Maanguko yanakaribiana kadiri msaada unavyoongezeka. Mtunzi asiye mkweli angeupanga mfuatano huu kinyume. Huu unamwambia mfiwa kwamba jumuiya kuja na unga, kuni na rozari hakumaanishi kwamba mwezi ujao hataanguka, na akianguka hajaikosea imani.

Kwa hiyo maumbo haya mawili hayafanyi kazi moja. Rozari inampa mtu mahali pa kukaa na nusu ya sentensi ya kushika. Njia ya Msalaba inamsimamisha, inamtembeza, inamtajia mwenye mamlaka. Tatizo ni mazoea: ya kwanza imepewa misiba yote ya mwaka, ya pili imefungiwa Ijumaa za Kwaresima, na kumbukumbu ya tarehe 21 Mei huwa daima nje ya Kwaresima. Hakuna sheria ya Kanisa inayokataza Njia ya Msalaba kusaliwa Mei. Wakatoliki wanaowaombea marehemu wa ziwa siku hiyo wangeweza kuanza na kituo cha kwanza na kukaa hapo kwa muda, wakimtazama Pilato na maji yake, kabla ya kurudi kwenye Salamu Maria.