Moto wa Juu, Moto wa Chini

Kipapatio cha bata mzinga aliyefugwa nyumbani hakitaki haraka. Ndege huyu ameshinda akizunguka uani, jioni akaparamia mti kulala. Ngozi yake ni nene, na maungio ya bawa yameshikwa na kano ngumu kama kamba. Kwetu Mpwapwa tunajulikana kwa ng'ombe. Ipo hata mbegu yenye jina la mji, iliyopatikana kwa kuchanganya zebu wetu na Sahiwal na Sindhi wa Bara Hindi. Kwa kuwa ng'ombe ndio sifa yetu, napenda kumtazama shangazi yangu akihangaikia bawa.

Huanza na manyoya. Mashina yamezama ndani ya ngozi, basi huyang'oa kwa koleo, moja moja, kisha hubabua na kukwangua kwa kisu. Wakati wa kukata, kidole hutangulia kutafuta pengo la ungio, kisu hufuata. Sijamwona akipasua mfupa.

Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi na chumvi hutwangwa pamoja. Nyama huchanjwa mpaka mfupani, viungo vikasukumwa ndani kwa kidole gumba, ikalala usiku kucha. Asubuhi huchemshwa kwa maji kidogo hadi kano zianze kulegea. Supu huwekwa kando.

Hapa wengi hukimbilia karai. Yeye hukung'uta mabaki ya kitunguu saumu yasije yakaungua na kuleta uchungu, hufuta kila kipande, halafu hukianika kwenye ungo. Upepo mkavu wa kiangazi humsaidia. "Mwanangu, ngozi yenye maji haikaangiki, inachemka tu," aliniambia.

Mafuta ni ya alizeti. Hahesabu dakika, anasikiliza: mlio mkali ni maji yanayotoka, ukishapungua, ngozi imekauka, anaopoa.

Kisha ndipo penye ufundi ninaoustahi kuliko wote, kupalia. Vipapatio hupangwa ndani ya sufuria nzito pamoja na ile supu, nyanya, ukwaju na pilipili zaidi. Chini huacha makaa machache yaliyoanza kufunikwa na majivu, kwa kuwa rojo la ukwaju huungua upesi. Mengi huyapanga juu ya mfuniko. Moto wa chini unamalizia kano polepole, wa juu unakausha na kupaka ngozi rangi.

Hufunua mara moja tu. Hushika ncha ya mfupa mwembamba, akauzungusha kidogo. Ukichomoka mweupe, bila uzi wa nyama, anaipua.