Mkono Mmoja, Misimu Minne

Kuna neno dogo linalonikera kila ninaposoma habari za wasanii walioumia mwilini. Neno hilo ni "licha". Licha ya kupoteza macho, aliimba. Licha ya kukatwa mguu, alicheza. Huwa linakaa pale sentensi ya kwanza, na likishakaa hapo, kazi yenyewe haina nafasi tena. Unaitazama picha, kumbe unachopigia makofi ni bidii ya mtu.

Josef Sudek ameonewa sana na neno hili. Alizaliwa mwaka 1896 mjini Kolín, Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Ucheki. Alijifunza ufundi wa kujalidi vitabu, na hiyo ni kazi ya mikono miwili. Mwaka 1915 akaandikishwa jeshini, akapelekwa kupigana upande wa Italia, na akarudi bila mkono wa kulia. Kujalidi kukaishia hapo. Akashika kamera, na hakuiacha hadi alipofariki mwaka 1976. Stori tamu, si ndiyo? Inasimuliwa hivyo hivyo kila mahali. Lakini ukizitazama picha zake za mashambani na msituni bila haraka, stori hiyo inaanza kupwaya.

Hebu tuanze na kamera. Kufikia miaka ya 1930, kamera ndogo za kubeba mkononi zilikuwa tayari madukani. Ungedhani mtu wa mkono mmoja angezikimbilia. Sudek alienda upande mwingine kabisa. Mwaka 1940 aliona picha ya sanamu ambayo haikuwa imekuzwa: karatasi ililazwa moja kwa moja juu ya negativu, ikatoka kwa ukubwa uleule. Tangu hapo akaamua kuosha picha zake kwa njia hiyo tu. Uamuzi huo una bei yake. Kama hukuzi picha, basi ukitaka picha kubwa ni lazima ubebe kamera kubwa. Na akaibeba, pamoja na stendi yake, mlimani na bondeni. Miaka ya 1950 akaongeza nyingine, Kodak ya zamani inayotoa picha ndefu kama utepe, sentimita 10 kwa 30. Sonja Bullaty, aliyekuwa msaidizi wake baada ya Vita vya Pili vya Dunia na baadaye akatoa kitabu juu yake, ameeleza jinsi alivyofanya kazi: kile ambacho mkono wa kushoto haukuweza, meno yalimalizia.

Kama angetaka kulikwepa jeraha, njia ilikuwepo. Yeye akachagua kazi ngumu zaidi kwa sababu aliipenda picha inayotoka humo. Hapo "licha" haielezi kitu.

Kuna wahakiki wengine wanaogeuza shati ndani nje. Wao wanasema mkono uliopotea ndio uliompa jicho. Ushahidi wao ni Mionší, msitu wa kale katika milima ya Beskydy, ambako alirudi tena na tena. Huko alipiga miti mikongwe, mingine imekufa ikiwa bado imesimama, mingine imebaki kigogo bila matawi, na mfululizo huo akauita "Sanamu Zilizotoweka". Wanasema, umeona? Kila mti ni yeye, kila tawi lililovunjika ni mkono wake.

Nakielewa kishawishi hicho, lakini nakikataa. Ukisoma picha kama fumbo lenye jibu moja, ukishapata jibu unaondoka, na msitu hujauona. Huoni majani machanga yaliyojaa miguuni pa mti uliokufa. Huoni ukungu unavyoitenga miti, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama watu wanaosubiriana. Mti uliovunjika haukuombwa kumwakilisha mtu yeyote.

Nasema haya nikiwa na goti baya. Liliumia kwenye ajali ya bodaboda miaka minne iliyopita, likapona kwa namna yake. Watu huniambia najikaza sana, ati napanda ngazi za ghorofa ya nne licha ya goti. Jamani, naishi ghorofa ya nne, ningelala wapi? Goti si adui ninayemshinda kila asubuhi, na halijanifundisha hekima yoyote. Ni hali tu. Julai ikifika na baridi yake, najua kabla ya kufungua pazia kwamba leo nitatembea polepole. Basi natembea polepole, na kwa mwendo huo kuna vitu naviona na vingine vinanipita.

Nadhani Sudek aliishi na jeraha lake hivyo, kama hali ya hewa. Ndiyo maana misimu ni muhimu sana katika kazi yake. Sisi tuna masika, vuli, kiangazi na kipupwe. Tunahesabu mwaka kwa mvua. Yeye alikuwa na theluji, machipuko, joto na majani yanayoanguka, na mti uleule ulikuwa kitu kingine kila baada ya miezi mitatu. Kati ya 1940 na 1954 alipiga dirisha la studio yake Prague, kwanza chini ya utawala wa Wanazi, wakati kuzurura na kamera kulikuwa hatari: kioo chenye barafu, kioo chenye matone, na nje yake mti uliopinda uani. Alipotoka kwenda mashambani, alikwenda na subira hiyohiyo. Mtu anayebadilisha filamu kwa mkono mmoja na meno hawezi kukimbizana na tukio. Lakini msimu haukimbii. Ukiukosa mwaka huu, mwakani utarudi.

Kuna jambo moja ambalo stori za kujikaza huliruka: pesa. Sudek alipata pensheni ya askari aliyelemaa, na malipo hayo ndiyo yaliyomnunulia muda wa kujifunza kamera. Vita vilevile vilipiganwa huku kwetu. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi wametuachia jina la mtaa, Kariokor, na wengi waliofia safarini hata mshahara wao haukuwafikia jamaa zao. Ni wangapi kati ya waliorudi na miili iliyovunjika walikuwa na jicho kama la Sudek? Hatutajua kamwe. Roho ngumu walikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwalipa.

Je, Sudek hana dosari? Anazo. Mashambani mwake karibu hamna watu. Barabara zipo, mitaro ipo, ua upo, lakini aliyechimba na kujenga haonekani. Mara nyingine ukimya huo unanichosha. Natamani mama mmoja apite na ndoo.

Ndiyo maana kwangu kazi yake kubwa ni ile iitwayo "Mandhari ya Huzuni", aliyoipiga kati ya miaka ya 1950 na 1960 karibu na mji wa Most, kaskazini mwa Bohemia, ambako makaa ya mawe yalikuwa yakichimbwa kwa kuifukua ardhi waziwazi. Hapo pia watu ni haba, lakini kazi ya watu imejaa kila sentimita: mabomba ya moshi, vilima vya taka, miti iliyokauka kando ya barabara. Ile kamera ndefu aliyoitumia kuusifu mji wa Prague inalala juu ya nchi iliyokatwakatwa, na inaitazama kwa uangalifu uleule. Haiombi uihurumie ardhi hiyo, wala haiipongezi kwa kuvumilia.

Zitafute picha hizo. Geuza simu ilale, kwa sababu ni ndefu, na usisome maelezo ya chini kwanza. Anza kushoto, nenda kulia, taratibu, hadi mwisho wa utepe. Mkono wa aliyezipiga uwache kando kidogo.