Kilo Mbili za Maji

Uzito wa asubuhi una masharti yake. Mgonjwa wa moyo akiamka aende haja ndogo kwanza, asinywe chai, avae nguo nyepesi ileile ya jana, na mizani ikae sakafuni, si juu ya mkeka. Kisha aandike. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hajanenepa: ni maji. Moyo usiposukuma damu ipasavyo, figo hushikilia chumvi, na maji hufuata chumvi.

Ninamheshimu mno muuguzi anayejua kumfuatilia mgonjwa huyu akiwa kwake, Mgeta au Kinole, huko juu Uluguru. Akipiga simu haanzi na mizani. Shikamoo bibi, jana umelalia mito mingapi? Aliyekuwa akilalia mmoja na sasa analala ameketi, maji yameanza kumjaa mapafuni. Bonyeza muundi kwa dole gumba, ukiachia shimo linabaki? Na kutoka mtoni hadi nyumbani umepumzika mara ngapi? Mlima alioupanda tangu usichana ni kipimo kisichohitaji betri.

Kazi ngumu huja baadaye. Daktari akipandisha dozi ya furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, muuguzi hufuatilia uzito ushuke taratibu hadi ule wa mgonjwa akiwa hana maji ya ziada. Ukipitiliza, kizunguzungu kinaingia na figo zinaumia. Kuujua uzito huo wa kila mtu, na kuulinda wiki hadi wiki, huo ndio ufundi wenyewe.

Wamarekani walijaribu kazi hiyo kwa simu ya mashine: kati ya wagonjwa 1,653, nusu waliulizwa hali zao na kujibu kwa vitufe. Matokeo ya 2010 hayakuonyesha tofauti yoyote kati yao na nusu nyingine. Wajerumani waliwaweka madaktari na wauguzi kazini saa 24 wakisoma vipimo vinavyotumwa kutoka majumbani na kuchukua hatua. Katika matokeo yao ya 2018, vifo kwa mwaka vilikuwa kama 8 kwa kila wagonjwa 100 waliofuatiliwa, na 11 kwa wenzao wasiofuatiliwa hivyo.

Kwetu ugonjwa huu wa moyo kushindwa kusukuma damu hausubiri uzee. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2014 ulikuta wagonjwa wenye wastani wa miaka 55, na chanzo kikuu ni presha. Mwenye mgonjwa nyumbani amnunulie mizani na daftari, abandike ukutani namba ya kituo cha afya, na kilo mbili zikiongezeka apige siku hiyohiyo.